Nundu ya Bega la Kushoto

Kwa miaka ishirini na sita Bi Turubai alikuwa akishona vitu vya kufunikia vitu vingine. Alishona vifuniko vya malori, vya majenereta, vya mashine za kusaga, na safari moja alishona kifuniko cha sanamu ya mkubwa fulani aliyepinduliwa siku mbili kabla ya sanamu yake kufunuliwa. Ile imebaki imefunikwa mpaka leo, na mshono haujaachia. Jina alilopewa na wazazi wake lilitumika kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Turubai, naye akaitika.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya duka la vipuri: chumba kirefu, meza ya mita tisa, cherehani tatu nzito, na feni moja ya darini iliyozunguka pale ilipojisikia. Nasema karakana yao kwa sababu fundi mkataji alikuwa mumewe. Yeye alipima na kukata, mkewe akashona. Huyo bwana watu walimwita Milimita, na hawakumwonea. Alikuwa amepima kila kitu nyumbani, kuanzia umbali wa kitanda na ukuta hadi urefu wa mswaki mpya na wa zamani. Binti yao alipozaliwa, Milimita alitoa futi yake ya kitambaa mfukoni akampima kabla hajambeba, kisha akamwambia muuguzi kwamba kwenye kadi wamemzidishia mtoto sentimita moja. Muuguzi alimfukuza wodini. Baadaye walipima upya, na kweli ilikuwa imezidi.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuja kukamatwa kwa kosa la kipimo. Lakini tusiende mbio.

Miaka hiyo wakubwa wawili wa dunia, ambao mtaani tuliwaita Kaskazini na Mashariki, walikuwa wamenuniana vibaya. Kila mmoja alitaka uwanja wa kuwekea ndege zake karibu na mwenzake. Serikali yetu, ambayo haipendi kumuudhi mtu, iliwakodisha wote wawili uwanja uleule wa ndege, ikaweka uzio katikati. Kaskazini wakakaa upande wa mnara, Mashariki wakakaa upande wa matangi ya maji. Asubuhi walinzi wa huku na wa kule walipiga mswaki wakitazamana.

Ndege zenyewe hazikuwa na rubani, wala mkia, wala dirisha. Za Kaskazini ziliitwa Kipanga, za Mashariki ziliitwa Mwewe. Zilikuwa bapa kama sinia, nyeusi, na ngozi yake ilimeza rada isirudi ilikotoka. Ngozi hiyo ilikuwa na deko kuliko ya mtoto mchanga. Jua liliibabua, vumbi liliikwaruza, na mabanda hayakutosha. Ndiyo maana siku moja gari la kijeshi lilisimama mbele ya duka la vipuri na Kaskazini wakaagiza maturubai kumi na mawili, yote sawasawa.

Milimita aliingia kambini na futi yake akapima Kipanga mmoja kwa siku tatu. Alirudi uso unang'aa kama bwana harusi. "Mke wangu," alisema, "kile kitu hakina mstari hata mmoja ulionyooka. Hata mmoja!" Akachora kiolezo cha kila kipande. Mahali bawa linapoungana na mwili hakujua paitweje, akapaita bega, kama kwenye koti.

Kitambaa kililetwa na Kaskazini wenyewe, kimehesabiwa mita kwa mita, bila hata shubiri ya ziada. Milimita alikitandika mezani matabaka kumi na mawili, moja juu ya jingine, ili wembe wa mashine ukipita mara moja ukate vipande kumi na viwili vinavyofanana. Ndivyo wanavyofanya mafundi wa kazi kubwa. Akachora mistari miwili ya chaki: wa nje wa kukatia, wa ndani wa kushonea. Alikata kila kitu isipokuwa bega la kushoto, kisha jino likamshika, shavu likavimba, akaenda kung'olewa.

Bi Turubai alibaki peke yake na mashine ya kukatia. Alitaka mumewe akirudi akute kazi imeisha, apumzike. Nia njema kabisa. Akawasha wembe, akaufuata mstari, akamaliza, akapuliza chaki, ndipo akaona kwamba alikuwa ameufuata mstari wa ndani.

Mabega kumi na mawili yalikuwa yamepungua vidole vinne kwa mpigo mmoja. Aliketi chini. Kumwambia Milimita? Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kukata kitu mara mbili? Angempenda vilevile, hilo alilijua, lakini asingelala tena.

Kwa hiyo alifanya alichofanya. Alikusanya masalio, akaunga kipande kila bega. Kwa kuogopa turubai lisibane likachubua ile ngozi ya deko, akakifanya kipande kipana kidogo. Kikawa kipana mno. Pakalegea, na palipolegea maji ya mvua yangetuama. Akafikiri, akaenda nyumbani, akavuta uvunguni godoro la sponji alilolalia utotoni binti yao, ambaye sasa ni mkunga mji mwingine, akakata vipande kumi na viwili pamoja na kitambaa chake chenye picha za bata wa njano, na godoro lililobaki akalirudisha uvunguni. Kila kipande akakishindilia begani na kukishonea ndani. Pakajaa, pakainuka, maji yakawa hayana pa kukaa. Kwa nje ilikuwa nundu safi, ukubwa wa besheni lililofudikizwa, imeshonwa kwa ustadi ambao ni aibu kuutumia kwenye uongo.

Milimita aliporudi na pamba mdomoni, alikuta maturubai yamekunjwa na kufungwa kamba. "Umemaliza?" aliuliza kwa shida.

"Nimemaliza, mzee wangu. Pumzika."

Kambini hakuna aliyeuliza. Wahandisi walidhani nundu ni agizo la watu wa usalama, na watu wa usalama, wasiopenda kuonekana hawajui, walidhani ni agizo la wahandisi. Maturubai yakavikwa. Ng'ambo ya uzio, Mashariki wakatoa darubini.

Miezi minane ikapita. Bi Turubai alikuwa ameanza kusahau, au tuseme alikuwa amejifunza kutokumbuka, wakala mmoja mwenye suti alipoingia karakana na mchoro chini ya kwapa. Ulikuwa wa Mwewe wapya. Mashariki nao walitaka maturubai.

Milimita aliutandaza mezani akaushikilia kwa mkasi na kikombe. Mkewe alikuja kuchungulia begani kwake. Kwenye bega la kushoto la Mwewe palikuwa na nundu, ukubwa wa besheni lililofudikizwa.

"Hiki ni nini?" aliuliza Bi Turubai.

"Sehemu ya ndege," alisema wakala. "Mambo ya siri hayo, mama. Wewe funika tu."

"Wameibuni vizuri," alisema Milimita, akiipima kwa futi. "Angalia ilivyokaa."

Bi Turubai alirudi kwenye cherehani yake akashona pindo la kitu ambacho hakikuhitaji pindo. Hakuelewa. Alijaribu kulishika jambo lile kwa ncha moja, likamponyoka kwa ncha nyingine. Nundu ile ilikuwa yake. Alijua kila tundu la sindano. Ingewezaje kuwa ya chuma, na ipae? Usiku aliota bata, asubuhi akajiambia ni mambo yanayofanana tu, dunia ina mambo mengi yanayofanana. Alishona maturubai ya Mashariki kwa kujilazimisha, na safari hii nundu ilikuwa ya halali.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, watu wanne wa Kaskazini waliingia karakana. Milimita alikuwa ameinama mezani.

"Wewe ndiye uliyepima ndege zetu?"

"Mimi ndiye," alijibu, na kwa bahati mbaya alisema kwa fahari.

Wakamchukua na futi yake shingoni.

Siku nne Bi Turubai alishinda kwenye geti la kambi, juani, akiwa na sufuria ya chakula ambacho hakuna aliyekipokea. Aliwaambia walinzi kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Walinzi walimwambia hakuna mtu aliyetaja kosa, hili ni shauri la siri kuvuja, arudi nyumbani. Akawaambia hakuna siri, kuna sponji. Wakacheka. Siku ya tano mmoja wao alichoka kucheka, akampigia simu mkubwa wake.

Afisa usalama alikuwa kijana wa miwani, mwenye meza safi mno na macho ya mtu asiyelala.

"Kaa, mama."

"Nimekaa siku nne pale nje, afande. Nitasimama."

Afisa akamsogezea karatasi. "Huu ni mchoro wa mumeo. Unaona nundu?"

"Hapana."

"Na maturubai yenu yana nundu?"

"Yanayo."

"Mumeo anaapa kwamba hajui ilikotoka. Siku tano anarudia maneno hayohayo: mchoro wangu ni sahihi, mchoro wangu ni sahihi. Sasa nani anadanganya, karatasi au turubai?"

"Hakuna anayedanganya. Nundu ni yangu. Nilikata vibaya nikaficha. Yeye alikuwa kwa daktari wa meno."

Afisa alitabasamu kama mtu mzima anayesikiliza hadithi ya mtoto. Akavua miwani, akaifuta. "Mama, nitakueleza jambo ambalo sikupaswa kulisema. Mwezi uliopita makao makuu yetu yaliidhinisha kifaa kipya. Kitafungwa kwenye kila Kipanga, bega la kushoto. Wanaojua hawazidi watano. Tulipokuja kujaribu turubai juu yake, kifaa kiliingia pale sawasawa, pakabonyea tu kukipokea. Maturubai yenu yalikiachia nafasi miezi mingi kabla hakijabuniwa. Na hao Mashariki, wateja wenu wa pili, tayari wanacho. Halafu unaniambia ulikata vibaya?"

Hapo Bi Turubai alikaa. Kwa muda alianza kujishuku mwenyewe. Labda mtu alimwambia kweli. Labda kuna simu aliyopokea akaisahau. Mtu akitazamwa vile kwa muda mrefu anaweza kukubali hata kwamba ana mabawa. Lakini vidole vyake vilikumbuka sindano, na vidole vyake havikuwa vimewahi kupokea simu ya mtu.

"Afande," alisema polepole, "hicho kifaa mlipata wapi wazo lake?"

"Hilo halikuhusu."

"Mliona kwa Mwewe."

 Afisa aliangalia dirishani, upande wa matangi.

"Nundu ya Mwewe mliiona lini?"

"Miezi minne iliyopita. Wataalamu wetu walikesha nayo. Waliamua ni sikio la kusikilizia ndege zetu, tusipokuwa nalo tumekwisha."

"Na Mashariki wao waliiona wapi?"

 Bi Turubai alitoa chaki mfukoni mwa aproni, kwa maana fundi haachi chaki hata akienda msibani, akachora juu ya meza ile safi. Alichora turubai. Akachora mshale ukivuka uzio. Akachora Mwewe mwenye nundu. Akachora mshale mwingine ukirudi, hadi kwa Kipanga mwenye kifaa, halafu akachora wa tatu ukirudi kwenye turubai.

"Mimi nilikosea," alisema. "Wao wakaliona kosa langu kwa darubini, wakadhani lina kitu ndani. Wakatengeneza. Ninyi mkakiona chao, mkadhani kina maana. Mkatengeneza. Sasa mmelileta kosa langu nyumbani mnashangaa linatosha vizuri. Kwa nini lisitoshe? Si lenyewe?"

Afisa aliufuata mshale wa kwanza kwa kidole, wa pili, wa tatu, akajikuta tena kwa wa kwanza. Akauzunguka upya kwa upande mwingine. "Haiwezekani," alisema. Sasa alikuwa haongei na mtu.

"Lete turubai moja na wembe."

Lilibebwa na askari wawili. Bi Turubai alipiga magoti, akalisaka bega la kushoto kwa vidole bila kutazama, akafumua tundu moja moja, kwa sababu hata pale hakuweza kuchana kazi yake. Akaingiza mkono akavuta. Sponji ilitoka na kitambaa chake, imefifia kidogo, na bata watatu wa njano wakamtazama afisa usalama.

Mhandisi mkuu aliitwa, akaja na ovaroli yenye mafuta. Alipoelezwa alitoa mlio wa mtu aliyekanyagwa. "Sisi tulidhani ni ninyi mlioagiza!"

"Sisi tulidhani ni ninyi," alisema afisa.

"Na ya kule kwao? Ndani ya ile ya kwao kuna nini?"

 Mhandisi alikuwa ameishika sponji anaibonyeza bonyeza, inarudi, anaibonyeza.

"Nirudishieni mume wangu," alisema Bi Turubai. Mambo mengine yote yalikuwa yamemshinda, hilo moja tu ndilo alilolielewa.

Walimwacha kwenye benchi mpaka alasiri. Mlango ulikuwa mwembamba, akasikia vipande vipande: kwamba makao makuu hayawezi kuandikiwa bata, kwamba kifaa kimeshaidhinishwa na viwanda vimeshaanza, kwamba sikio ni sikio. Mwishowe afisa alitoka na karatasi. Ilisema maturubai yalishonwa kama yalivyochorwa, hayakuwahi kuwa na sponji, na mshonaji hatazungumzia sponji hiyo na mtu yeyote.

"Kama haikuwahi kuwamo, nisizungumzie nini?"

"Mama, weka saini. Kesho atakuwa nyumbani."

Akaweka. Jioni hiyo lori lilikuja nyumbani kwake likachukua godoro lililobaki, na mabaki yote yaliyokuwa yamefagiliwa chini ya meza ya karakana. Walichukua hata ufagio.

Milimita alirudi asubuhi, kwa miguu, futi yake shingoni. Alikuwa amekonda. Mkewe alimkumbatia mlangoni akalia kwa sauti bila kujali majirani, na yeye akampigapiga mgongoni kama anayemtuliza mgeni. Kisha akamsogeza pembeni taratibu, akavua futi, akapima upana wa mlango.

"Sabini na tisa na nusu," alisema. Akapima tena. "Sabini na tisa na nusu." Akasimama akiutazama ule mlango kama haumjui.

"Wamekufanya nini, mzee wangu?"

"Hawajanigusa. Wamenionyesha turubai, lina nundu. Wamenionyesha mchoro wangu, hauna. Nimesaini kwamba nilikosea kupima." Alikunja futi kwenye kidole, akaikunjua. "Mwanzoni nilikataa. Halafu nikafikiri, watu wote hawa, na mashine zao zote. Lazima nilikosea. Nimejaribu kukumbuka lile bega na silioni tena. Siku tatu nilizunguka ile ndege na sikuona nundu nzima."

Bi Turubai alifunga mlango. Akawasha cherehani ndogo ya nyumbani ili mlio wake ufunike maneno, akamweleza yote: jino, mistari miwili, vidole vinne, masalio, godoro, bata. Hakuficha kitu. Alikuwa anavunja saini yake, na hakujali hata wangemchukua saa ileile.

Milimita alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mkewe alipomaliza, alimshika shavu kwa kiganja chake kikavu.

"Wewe mwanamke," alisema, "unanipenda kupita kiasi. Usinibebee mzigo wangu."

"Si mzigo wako! Nakwambia ni mimi! Njoo uone godoro."

Alimvuta mkono hadi chumbani, akapiga magoti, akainua shuka. Uvunguni palikuwa patupu, pamefagiliwa. Alibaki amepiga magoti pale, akitafuta kwa mkono hata uzi mmoja wa njano, naye Milimita akamsubiri kwa upole, kama mtu anavyomsubiri mwenzake amalize kudanganya kwa nia njema.

Kisha wakaenda karakana, kwa kuwa kazi ilikuwa imelala siku sita. Kulikuwa na kifuniko cha lori cha kukata, kazi ya mstatili, ambayo Milimita angeweza kuifanya amefumba macho. Alitandika kitambaa, akashika chaki, akaiweka chini. Akashika mkasi, akauweka chini. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba mtu amsaidie kupima. Sasa alimnyooshea mkewe ncha ya futi.

"Nishikie huku mwisho," alisema, "halafu unisomee wewe. Mimi mkono wangu siuamini tena."

Bi Turubai akashika ile ncha, akaisoma namba kwa sauti.